Akipona, nani atakwenda kumchukua?

Kila ikiripotiwa kesi ya mtu aliyeua hali akili zake haziko sawa, mitaani kwetu nasikia neno lilelile: "Huyo amejitia wazimu aepuke jela." Nataka kueleza kinachomkuta mtu huyo baada ya kesi, kwani wengi wetu hatukijui.

Sheria ya Kenya humhesabu kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vingine. Ikithibitika kuwa maradhi yalimfanya mshtakiwa asijue alitendalo, au asijue kuwa halifai, mahakama haimwachilii aende zake. Kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinasema atamkwe kuwa ana hatia lakini ni mwendawazimu, kisha azuiliwe kungoja amri ya Rais. Rais aweza kuamuru awekwe hospitali ya akili, jela, au pahali pengine panapofaa. Hospitali yenyewe ni Mathari, Nairobi, kwenye wodi za ulinzi mkali. Kutoka Mombasa ni karibu kilomita 480.

Mfungwa wa miaka 7 anahesabu siku zake. Mgonjwa huyu hana cha kuhesabu. Sheria inamtaka mkuu wa hospitali apeleke ripoti ya hali yake baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Ripoti maalumu yaweza kwenda mapema, lakini si lazima. Basi piga hesabu: aliyepata nafuu ndani ya miezi sita anaweza kungoja mwaka wa 3, asipojibiwa, wa 5, kisha wa 7. Nani mwenye akili zake angejitia wazimu apate hayo?

Mahakama zimeliona hilo. Mwaka 2016, Mahakama Kuu ya Meru ilisema kumzuia mgonjwa bila kikomo ni ukatili, na kwamba pahali pake ni hospitali, si jela.

Lakini hata mlango wa serikali ukifunguliwa, uko wa pili, nao ni wetu. Daktari hawezi kumtoa mtu kwenda barabarani. Huuliza: atakaa kwa nani? Nani atahakikisha anameza dawa? Mara nyingi aliyeuawa ni mtu wa nyumba hiyohiyo, na hofu ya familia ina haki yake. Simlaumu mama anayeogopa. Ninachosema ni kuwa kunyamaza nako ni hukumu. Simu isipopokewa, mgonjwa hubaki.

Kama una jamaa huko, fanya yaliyo ndani ya uwezo wako. Mpe afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali nambari ya simu inayopatikana, na ukibadilisha, mwambie. Uliza ripoti yake ilipelekwa lini. Kaeni kikao cha familia mkubaliane atafikia wapi. Kama si kwenu, basi kwa ami au khalati wa mbali na waliofiwa. Ulizeni mapema kliniki ya akili ya Port Reitz kuhusu dawa zake. Ripoti ikikawia, tafuteni wakili aende Mahakama Kuu.

Mtoto akikunyea mkono, huukati. Unauosha, hata kama ni kwa machozi.