Kompyuta Iliyokufa Bado Ina Kazi



Katika stoo za parokia nyingi kuna kona inayofanana: kompyuta zilizoletwa kwa nia njema, zikafanya kazi miaka michache, zikafa. Kibodi imeng'oka herufi, kioo kimepasuka, plastiki iliyokuwa nyeupe imegeuka njano. Kamati ya Namasakata, mkoani Ruvuma, ilituuliza jambo ambalo wengine huona haya kulisema mbele ya wafadhili: tuzifanyie nini? Wapo waliopendekeza shimo na kiberiti.

Tulijibu kwanza: msizichome. Moshi wa nyaya za plastiki ni sumu. Monita za zamani, zile zenye kisogo kikubwa, zina kioo chenye madini ya risasi, pengine kilo moja au zaidi, na zikivunjwa ovyo sumu hiyo inabaki kwenye udongo wetu.

Wazo lililobaki lilitoka kwa vijana wanaojifunza kuchora katuni kwa kompyuta. Waliomba ruhusa ya kutengeneza mfano wa kidijitali wa mashine hizo. Wazee waliuliza ni kitu gani, nasi tunaeleza hapa.

Mfano wa kidijitali ni umbo la kitu lililohifadhiwa ndani ya kompyuta, ambalo unaweza kuligeuza na kulitazama pande zote. Kwa kuupata, kitu huwekwa mezani, kisha hupigwa picha nyingi kwa kukizunguka, hamsini hata mia moja, kila picha ikirudia sehemu ya picha iliyotangulia. Programu hutafuta alama zilezile katika picha mbalimbali, ikapiga hesabu ya mahali kila alama ilipo, na kulijenga umbo. Ni kanuni ileile iliyotumika Zanzibar kuanzia 2016, ndege ndogo zisizo na rubani zilipopiga picha visiwa ili kutengeneza ramani.

Hapa uchakavu ni faida. Mikwaruzo, vumbi na kutu huipa programu alama za kushika. Kinachosumbua ni kitu kinachong'aa, kama kioo, kwa sababu mng'ao huhama kila kamera inapohama. Tena, kompyuta mpya mtu aweza kuichora kwa kubuni. Kibodi iliyochoka kwa mikono ya watu ni vigumu kuibuni, na ndiyo wachoraji wa filamu na michezo wanayoitafuta. Umbo likishapatikana hurekebishwa kwa Blender, programu isiyolipiwa.

Vyuma vyenyewe navyo vina kazi. Mwaka 2013 Kodjo Afate Gnikou wa Togo alionyesha printa ya kuchapa maumbo aliyoiunda kwa vipande vya mashine zilizotupwa. Dar es Salaam, vijana wa Buni Hub, iliyo chini ya COSTECH, nao walitengeneza printa ya namna hiyo.

Kamati zisisahau diski. Kompyuta iliyokufa inaweza bado kuhifadhi majina ya waumini na michango yao, hivyo diski itolewe na kuharibiwa na fundi kabla mashine haijatoka stoo. Vibandiko vyenye majina na namba vibanduliwe pia, maana mfano ukishasambaa haurudishwi.

Kwa wafadhili tunasema wazi: hii si sababu ya kutuletea mashine mbovu. Tangu 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za umeme na elektroniki haziruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali cha nchi inayozipokea. Afadhali kompyuta mbili nzima na fedha za fundi kuliko kontena zima.

Kamati itakayotaka kujaribu ianze na kibodi: haing'ai sana wala haina umeme uliobaki ndani. Boksi la kugawia umeme lisifunguliwe na kijana yeyote, hata kama limechomolewa siku nyingi. Kando ya kitu wekeni rula, ili vipimo vijulikane, na pigeni picha kivulini, asubuhi.