Kiu na Haja Ndogo ya Mara kwa Mara: Ni Kuacha Ugali au ni Kisukari?

Siku moja, baada ya kipindi cha maombi cha akina mama hapa Tongoni, dada mmoja alitushika mkono akatuvuta pembeni, chini ya mwembe. Alikuwa na wiki tatu tangu aache ugali, wali, mihogo na chapati, kwa kuwa binti yake alikuwa karibu kuolewa naye alitaka kupungua kabla ya siku hiyo. Gauni lilikuwa limeanza kumlegea, na wenzake wote walikuwa wakimsifu. Lakini usiku aliamka mara tano kwenda haja ndogo, na jagi la maji alilojaza jioni lilikuwa tupu alfajiri. Shoga yake alikuwa amemwambia, "Usiogope, mwili unatoa uchafu."

Tulimuuliza swali moja tu: "Kilianza nini, kiu au kuacha ugali?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema kiu ilianza tangu kabla ya Pasaka, miezi miwili nyuma. Kesho yake tulipanda naye gari kwenda Tanga mjini kupima. Sukari yake ilizidi 20.

Tumeona tuandike habari hii kwa sababu kupunguza vyakula vya wanga si jambo la Ulaya tena. William Banting, mzishi wa London, aliandika kijitabu mwaka 1863 akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari na viazi. Leo mashauri ya namna hiyo yameingia hata katika majiko yetu ya pwani.

Kiu ya siku za kwanza

Ni kweli kwamba anayeacha wanga ghafla huweza kuona kiu na kukojoa zaidi. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, karibu nusu kilo kwa mtu mzima. Kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ukiacha ugali na wali, mwili hutumia akiba hiyo kwa siku chache, na maji yake hutoka kwa njia ya mkojo. Tena insulini hupungua katika damu, na figo huanza kutoa chumvi nyingi kuliko kawaida. Chumvi inapotoka, maji huifuata.

Ndiyo maana kilo mbili za wiki ya kwanza mara nyingi ni maji, si mafuta. Ndiyo maana pia wengine huumwa kichwa, huona kizunguzungu wakisimama, au hukazwa misuli ya miguu usiku. Hali hii huanza baada ya kubadili chakula, na kwa kawaida hutulia ndani ya wiki moja au mbili.

Kiu ya kisukari

Kiu ya kisukari ni nyingine. Sukari ikizidi kiasi cha 10 katika damu, figo hushindwa kuizuia, nayo hupita katika mkojo ikivuta maji. Mama hukojoa sana, hukauka, hunywa, hukojoa tena. Akituliza kiu kwa soda, juisi au madafu, anaongeza sukari juu ya sukari.

Na hapa ndipo penye mtego, mama mpendwa. Kisukari kisichotibiwa nacho hukondesha, kwa kuwa mwili ukishindwa kutumia sukari huanza kula mafuta na misuli yake wenyewe. Basi mama anayejinyima huweza kushangilia gauni linalolegea, kumbe anayempunguza ni ugonjwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta na kisukari watu 9 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na wengi huishi nacho bila kujua.

Usikae nyumbani ukikisia

Nenda ukapime sukari ikiwa kiu ilianza kabla ya kubadili chakula, ikiwa imepita wiki mbili bila kupungua, au ikiwa macho yana ukungu, vidonda haviponi, au kuwashwa sehemu za siri kunarudi kila mara. Kipimo ni tone la damu la kidoleni. Kabla ya kula chochote asubuhi, 7.0 au zaidi ni dalili ya kisukari. Wakati wowote mwingine, 11.1 au zaidi pamoja na kiu ni vivyo hivyo. Kama mkojo ni kidogo kidogo na unachoma, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo. Na usisahau kwamba mimba nayo hukojoza.

Ukiona kutapika, kupumua kwa haraka na kwa nguvu, pumzi yenye harufu kama ya matunda, au kuchanganyikiwa, usingoje kesho. Huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo.

Kabla ya kuacha wanga

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asiache wanga bila kumwona daktari, kwani sukari huweza kushuka ghafla akaanguka. Anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza huweza kukauka kupita kiasi. Mwenye mimba au anayenyonyesha asijaribu kabisa bila ushauri.

Mwenye afya njema anayetaka kupungua aanze polepole: apunguze tonge, aache soda na chai ya sukari nyingi, ale samaki, maharage, mchicha na matembele. Anywe maji kadiri ya kiu, wala asiache chumvi kabisa. Mchuzi wa samaki wenye chumvi kidogo humsaidia. Lakini mwenye presha au ugonjwa wa figo aulize kwanza juu ya chumvi.

Tukumbuke habari za Danieli, sura ya kwanza. Naye alibadili chakula, lakini aliomba siku 10, kisha akakubali kuangaliwa. Sisi tumejifunza kubadili chakula. Sehemu ya pili, ya kuangaliwa, ndiyo tunayoiruka.

Dada yetu yule alianza dawa wiki ile ile, na leo anakula mhogo kidogo kwa kipimo. Harusini alikaa meza ya mbele, na usiku huo, alituambia akicheka, aliamka mara moja tu.