Paka wako hakamati panya? Usimnyime chakula

Wiki chache zilizopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, tulisoma ujumbe wa msikilizaji aliyelalamika kwamba paka wake analala mchana kutwa huku panya wakitoboa magunia ya mahindi. Aliuliza afanyeje. Simu zikaanza kuingia, na karibu kila aliyepiga alisema jambo lile lile: mnyime chakula, njaa itamfundisha kazi. Tukacheka nao, tukaweka wimbo, tukaendelea na matangazo ya mnada.

Baada ya siku kumi msikilizaji yule yule, mama anayelima mahindi na maharage, akatuandikia tena. Alimnyima paka chakula kama alivyosikia redioni. Panya hawakupungua. Akanunua sumu gulioni, ile ya pakiti ndogo, akaichanganya na unga na kuitega nyuma ya magunia. Asubuhi ya siku ya nne alimkuta paka chini ya kitanda, amelegea, damu inamtoka puani. Jioni haikumkuta hai. Mtoto wake wa miaka sita alilia siku mbili.

Ushauri ule ulipita kwenye maikrofoni yetu, na hatukuusahihisha. Kwa hiyo tunaurudia suala la paka hapa kwa maandishi, ili uweze kulisoma kwenye simu yako na kumsomea jirani.

Kwanza, njaa haimfanyi paka kuwa mwindaji

Kwa paka, kuwinda na kula ni mambo mawili tofauti. Kinachomwamsha kuwinda ni mtikisiko na sauti: kitu kidogo kinachokimbia, kinachokwaruza, kinacholia kwa sauti nyembamba. Ndiyo maana paka aliyeshiba ataruka kwenye kamba ukiiburuta sakafuni, na ndiyo maana wakati mwingine anaua panya na kumwacha mlangoni bila kumla.

Ukimtia njaa, hageuki kuwa askari wa ghala. Anatafuta chakula kilicho rahisi zaidi, na panya si chakula rahisi. Rahisi ni dagaa ulioanika, vifaranga vya jirani, na sufuria iliyoachwa bila mfuniko. Njaa ikizidi anahama kabisa, anakuwa paka shume wa kijiji, na wewe unabaki na panya wako. Tena paka dhaifu humkamata panya aliye dhaifu, na panya dhaifu kuliko wote ni yule aliyekula sumu. Hapo ndipo mama yetu yule alipompoteza wake.

Na ule usingizi wa mchana? Si uvivu. Paka mzima hulala saa 12 mpaka 16 kwa siku. Kazi yake huanza giza linapoingia na huchangamka tena kabla ya mapambazuko, saa ambazo panya nao wanatoka. Ukimwona saa saba mchana amejikunja juani, usimhukumu.

Alikuja mwenyewe

Mbuzi na ng'ombe tuliwafuga kwa kuwachunga na kuwafungia zizini. Paka alikuja kwa miguu yake. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani duniani kote wametokana na kimburu, paka pori ambaye hata Tanzania bado yupo, mwembamba, mwenye miguu mirefu. Watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima ngano na shayiri, yapata miaka 10,000 iliyopita, waliweka akiba. Akiba ikavuta panya, na panya wakamvuta kimburu. Katika kisiwa cha Cyprus limefukuliwa kaburi la miaka ipatayo 9,500, mtu amelazwa na paka amezikwa pembeni yake. Kwa hiyo habari ya paka na ghala la nafaka ni ya zamani sana.

Tunalisema hili kwa sababu linaeleza tabia yake. Mbwa ametokana na wanyama wanaowinda kwa kundi na kumfuata kiongozi, kwa hiyo anatazama uso wako kujua unataka nini. Kimburu huwinda peke yake. Paka wako anakupenda kwa namna yake, lakini hakuzaliwa kusubiri amri, na ukimfundisha kama mbwa mtachokana.

Shule ya paka ni mama yake

Hapa ndipo tunapokosea wengi vijijini. Tunapewa mtoto wa paka angali na wiki nne, tunamtia kwenye kikapu, tunamleta nyumbani, kisha tunashangaa akikua hajui kukamata panya.

Mama paka ndiye mwalimu. Watoto wakianza kula nyama huwaletea panya aliyekufa. Baadaye huwaletea aliye hai lakini amechoka, anamwachia mbele yao, anakaa pembeni kutazama. Watoto wanamkosa, anamrudisha, wanajaribu tena. Mtoto aliyeondolewa kabla ya somo hilo huwa na hamu ya kukimbiza, lakini pale pa kumaliza kwa kung'ata shingoni anababaika. Wapo wanaojifunza wenyewe, ila huchukua muda.

Kwa hiyo ukitaka paka wa ghalani, tafuta mtoto wa paka jike ambaye mwenyewe unamwona anawinda, na umwache kwa mama yake hadi afikishe wiki nane. Wakati huo huo kuna jambo lingine linalotokea. Kati ya wiki ya pili na ya saba hivi, mtoto wa paka anajifunza nani ni rafiki. Akishikwa kwa upole na watu katika siku hizo, atakua mpole. Asiposhikwa na mtu kabisa, atakuwa wa kukimbia na kuparura maisha yake yote. Kama paka wa jirani amezaa, nenda ukawashike watoto wake kabla ya kumchukua mmoja.

Siku ya kumleta, usimwachie uwanjani. Mfungie chumba kimoja siku kadhaa, na chakula, maji, na boksi lenye mchanga mkavu kwa ajili ya choo. Paka hupenda kufukia kinyesi chake, kwa hiyo mchanga anauelewa bila fimbo. Kama ni paka mkubwa aliyehamishwa kutoka mbali, mweke ndani wiki mbili au tatu. Ukimfungulia mapema atajaribu kurudi alikotoka.

Chakula gani, kiasi gani

Ugali mtupu haumtoshi. Mwili wa paka umeumbwa kwa nyama, na kuna kirutubisho kiitwacho taurini ambacho ni lazima akipate kwenye nyama au samaki. Akikikosa kwa muda mrefu, macho hupofuka na moyo hudhoofika. Huhitaji kununua chakula cha dukani. Vichwa vya samaki, dagaa waliooshwa chumvi, utumbo wa kuku uliochemshwa, yai lililopikwa, vikichanganywa na ugali kidogo, vinatosha. Mpe kidogo asubuhi na kidogo jioni, mahali pale pale. Panya atakaokula ni nyongeza.

Usimpe mchuzi wenye vitunguu, kwa sababu kitunguu huharibu damu ya paka. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, hupasuka kama sindano. Na maziwa, ambayo kila mtu anadhani ndiyo chakula cha paka, huwaharisha paka wengi wakubwa. Maji safi ndiyo kinywaji chake.

Sumu na dawa

Wauzaji wa sumu ya panya wanapita na vipaza sauti mpaka vijijini, na pakiti nyingi hazina maandishi yanayosomeka. Sumu nyingi za panya hufanya kazi polepole, zinazuia damu isigande. Panya aliyekula hafi siku hiyo. Anatembea siku mbili tatu, mzito, haoni hatari, na paka anamdaka bila jasho. Sumu iliyo tumboni mwa panya inaingia kwa paka. Baada ya siku kadhaa utaona fizi zimekuwa nyeupe, analegea, pengine damu puani au kwenye kinyesi.

Ukiona hivyo, usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula. Hayaondoi sumu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo haraka, na pakiti ya sumu kama ipo. Kwa aina hii ya sumu kuna tiba, vitamini K, lakini ni lazima ianze mapema. Afadhali zaidi ni kuchagua: ukiwa na paka, tumia mitego, usitege sumu.

Dawa nyingine zinazoua paka tunazo ndani. Paracetamol, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe na mbwa ni sumu kwake, hasa zenye permethrini. Tumesikia pia watu wanaomnyunyizia paka dawa ya unga ya kuhifadhi mahindi ili kuua viroboto. Baadhi ya dawa hizo zina permethrini hiyo hiyo, na paka hujilamba mwili mzima, kwa hiyo anaila. Ukitaka dawa ya viroboto, mwambie afisa mifugo kwamba ni ya paka.

Na tuwe wakweli: paka hamalizi panya wote. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa New York, Marekani, ambako kamera zilifuatilia paka wa mitaani na panya wakubwa wa mjini kwa siku 79. Paka waliua panya wawili tu. Ila panya walijificha zaidi kila paka walipokuwepo. Panya buku wa huku kwetu naye paka wengi humkwepa. Wanaomfaa ni panya wadogo wa nyumbani na panya shamba, wale wanaozaa kumi kwa mkupuo. Kwa hiyo inua magunia juu ya chaga, yaache mbali na ukuta, fagia punje zilizomwagika, fyeka majani kuzunguka nyumba. Hapo paka anakuwa na kazi anayoiweza.

Kumfundisha bila kumpiga

Ukimchapa paka kwa dagaa aliyeiba nusu saa iliyopita, haunganishi fimbo na dagaa. Anaunganisha fimbo na wewe. Atakachojifunza ni kukukimbia, na kuiba ukiwa haupo.

Kinachofanya kazi ni faida. Gonga sahani kwa namna ile ile kila unapompa chakula, na baada ya wiki moja hivi atakuja ukigonga, hata akiwa shambani. Mlishe karibu na ghala na atapafanya pake. Akiparura mlango au mkeka, mwekee gogo lenye gome pale pale, kwa sababu kucha ni lazima azinoe mahali. Dagaa funika. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, na ni kweli, ukimfukuza jikoni asubuhi, mchana yupo.

Msome pia. Mkia uliosimama wima ni salamu. Mkia unaopigapiga huku na huku ni onyo, mwache. Masikio yaliyolala nyuma ni onyo la mwisho, na watoto wengi huparuliwa kwa kutolijua hilo. Ule mkoromo wa kooni mara nyingi ni raha, lakini paka mgonjwa au mwenye maumivu pia hukoroma, kwa hiyo tazama kama anakula.

Kichaa cha mbwa hakichagui mbwa

Paka huambukizwa kichaa cha mbwa na huwaambukiza watu kwa kung'ata na kuparura. Chanjo ya paka ipo, hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu. Mnapotangaziwa chanjo ya mbwa kijijini, muulize afisa mifugo kuhusu paka wako, na umpeleke ndani ya kikapu kilichofungwa, si mikononi kati ya mbwa.

Paka mpole akigeuka mkali ghafla, akatoa udenda, akashindwa kumeza au kuyumba, usimshike. Mtoto aking'atwa au kuparuliwa na paka usiyemjua au mwenye dalili hizo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, tazama saa. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo, kwa sababu dalili za kichaa zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka. Kina kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwingine akizoe kila siku, kwa kuwa kimelea hicho huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Hakuna haja ya kumtupa paka. Kimelea hicho hicho hupatikana pia kwenye nyama isiyoiva.

Kuhusu kuzaa: jike hubeba mimba siku 63 hadi 65 hivi, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Asiyetaka paka ishirini amwone daktari wa mifugo amfunge kizazi. Kuhasi dume kwa wembe nyuma ya nyumba ni ukatili.

Mama yule tulimpigia simu kumwomba radhi. Alitusikiliza, akacheka kidogo, akasema paka wa jirani yake amezaa wanne. Amemchagua mmoja, wa kijivu mwenye mkia mfupi, lakini hajamchukua, bado ana wiki tano. Kila jioni mtoto wake anakwenda kumshika, na kichwa cha dagaa mfukoni.