Chakula kikavu cha mbwa: je, mfuko wa "mbegu kubwa" unastahili bei yake?

Dukani mnunuzi hukuta mifuko miwili ya kilo 15 ikiwa bega kwa bega. Mmoja ni wa mbwa wote, mwingine umeandikwa kuwa ni wa mbwa wa mbegu kubwa, na mara nyingi huu wa pili ndio ghali. Mwenye German Shepherd au Rottweiler wa kulinda nyumba huchukua wa pili bila kuuliza, kwa kuwa mbwa wake ni mkubwa. Lakini kabla ya kutoa fedha, ukubwa wa mbwa peke yake hautoshi. Umri wake ndio wa kuangaliwa kwanza.

Tuanze na watoto wa mbwa, maana hapo kosa huwa halirekebishiki. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita hawezi kuikataa kalsiamu iliyozidi. Utumbo wake hupokea sehemu kubwa ya kila kinacholetwa. Kwa mbegu ndogo madhara huwa machache. Kwa mbegu kubwa, ambazo mifupa yake huendelea kukua hadi miezi 18 na zaidi, ziada hiyo huharibu mifupa na viungo. Katika utafiti wa Utrecht, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 1985, watoto wa Great Dane waliolishwa chakula chenye kalsiamu asilimia 3.3 walipata kasoro za mifupa, wakati chakula cha kulinganishia kilikuwa na asilimia 1.1.

Ndiyo maana AAFCO, chama cha Marekani kinachoweka viwango vya chakula cha wanyama, kimeweka ukomo wa kalsiamu wa asilimia 1.8 ya chakula kisicho na maji kwa watoto wa mbwa watakaofikia ratili 70, yaani kama kilo 32, au zaidi. Kwa wengine ukomo ni 2.5. Punje kavu huwa na maji kama asilimia 10, kwa hiyo ile 1.8 ukiisoma kwenye mfuko itakuwa kama 1.6. Mfuko wa Marekani unaofaa husema wazi kwamba unafaa kwa ukuaji, pamoja na ukuaji wa mbwa wakubwa. Maneno hayo yakiwa kwenye mfuko wa kawaida, nao unatosha. Hakuna sababu ya kulipia jina. Yakikosekana, na kalsiamu haikutajwa, mnunuzi wa mtoto wa Boerboel alipe ile nyongeza ya mfuko wa watoto wa mbegu kubwa. Ni ndogo kuliko gharama ya daktari wa mifupa.

Ajabu ni kwamba mteja huyo huyo hutoka dukani na chupa ya kalsiamu mkononi, au akifika nyumbani humwaga unga wa mifupa juu ya punje. Hapo amelipia mfuko wenye kalsiamu iliyopimwa kisha akakivunja kipimo mwenyewe.

Kwa mbwa aliyekwisha komaa mambo hubadilika. AAFCO haina kiwango cha pekee kwa mbwa wakubwa waliokomaa. Kinachotofautisha mifuko hapo ni ukubwa wa punje, ambao husaidia mbwa anayemeza bila kutafuna, pamoja na dawa za viungo ambazo mara nyingi huwa chache mno kuleta nafuu, na nguvu ya chakula, ambayo mara nyingi hupunguzwa ili mbwa asinenepe. Hili la mwisho linagusa mfuko wa fedha moja kwa moja.

Tuchukue mfano, bei zikiwa za kufanyia hesabu tu. Mbwa wa kilo 35 anahitaji kama kilokalori 1,600 kwa siku. Mfuko wa kawaida ni sh. 150,000 na una kilokalori 3,600 kwa kilo. Utadumu siku 33 na ushee, yaani kama sh. 4,450 kwa siku. Wa mbegu kubwa ni sh. 160,000 na una 3,300 kwa kilo. Utakwisha siku ya 31, kama sh. 5,170 kwa siku. Dukani tofauti ilikuwa sh. 10,000. Kwa mwezi imekuwa karibu sh. 22,000, na mwenye mbwa wanne wa ulinzi azidishe mwenyewe.

Kama mbwa ameanza kunenepa, chakula chepesi kina kazi yake, ingawa kupunguza kipimo cha kile cha kawaida hufanya karibu kazi ile ile bila kuongeza bei. Katika utafiti wa Labrador 48 uliochapishwa mwaka 2002, waliopewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi. Wote walikula chakula cha aina moja.

Neno kwa wanaonunua kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa: hapo hakuna kalsiamu, kilokalori wala tarehe ya kusoma, na mafuta ya punje huchacha yakipigwa na hewa na joto. Kwa mbwa mzima unaweza kukinusa na kujaribu bahati yako. Kwa mtoto wa mbegu kubwa, nunua mfuko uliofungwa, hata ukiwa mdogo.