Kinachoufanya Mvinyo Udumu
Wengi huamini kwamba mvinyo mwekundu wowote ukiwekwa miaka mingi huzidi utamu. Si kweli: mwingi unaouzwa madukani umetengenezwa unywewe mapema, na ukicheleweshwa huchujuka. Unaodumu ni ule wenye tanini, asidi na ladha ya tunda ya kutosha, na watengenezaji wa Bordeaux, Ufaransa, huvisawazisha kwa kuchanganya. Cabernet Sauvignon, zabibu ndogo yenye ganda nene, huleta tanini ile inayokausha ulimi kama chai iliyokolea majani. Merlot, inayowahi kuiva, huongeza ulaini na ladha ya plamu. Ndani ya chupa, tanini hushikana taratibu na chembe za rangi, na sehemu yake hutuama chini kuwa mashapo. Ndipo zambarau ya mwanzo hugeuka rangi ya tofali, ukali ukapungua, na harufu ya tunda ikapisha ile ya ngozi na tumbaku.

Atasema mtu kuchanganya ni kuficha kasoro. Kwa mvinyo wa bei ya chini, huenda. Lakini Bordeaux mvua za vuli zaweza kuiharibu Cabernet wakati Merlot imeshavunwa. Mchanganyiko ni kinga pia. Wengine hudai kudumu ni kipaji cha udongo wa Ufaransa peke yake. Basi waeleze yaliyotokea mwaka 2006, mivinyo ya Ufaransa na California iliyoshindanishwa Paris mwaka 1976 ilipoonjwa upya: iliyoongoza ni Ridge Monte Bello ya 1971, kutoka California, ambayo mara ya kwanza ilikuwa ya tano.