MBUNGE NA MPIGA KURA: JE, MAONI YAO KUHUSU WAHAMIAJI HULINGANA?

Mbunge huitwa mwakilishi wa wananchi. Maana ya jina hilo ni kwamba asemapo bungeni husema kwa niaba ya watu waliomchagua. Je, yasemwayo bungeni hulingana na yale wayatakayo watu hao? Katika sayansi ya siasa swali hili ni la upimaji, na upimaji wake si mwepesi. Kura ya mbunge huandikwa katika kumbukumbu za bunge, na yeyote aweza kuihesabu. Maoni ya watu wa jimbo lake hayaandikwi popote. Hata watu wachache wakihojiwa, mara nyingi maswali waulizwayo si yale yale aliyoyapigia kura mbunge. Kulinganisha majibu ya namna hiyo ni sawa na kupima kitambaa kimoja kwa mkono wa mtu mzima na kingine kwa mkono wa mtoto.

Mizani ya Uswisi

Iko nchi moja ambamo kipimo kimoja hutumika pande zote mbili. Katika Uswisi, wananchi wakikusanya saini za kutosha waweza kupendekeza badiliko la katiba. Bunge hulijadili pendekezo na kupiga kura ya kulikubali au kulikataa. Kisha maneno yale yale hupelekwa kwa wapiga kura wote. Ili lipite, pendekezo hupaswa kukubaliwa na wengi wa wapiga kura na pia na wengi wa kantoni, yaani majimbo yanayounda taifa hilo.

Mwaka 1970 mizani hiyo ilitumika katika suala zito. Wakati huo wageni nchini humo walizidi kidogo milioni moja, wengi wao wakiwa vibarua kutoka Italia. James Schwarzenbach, mbunge kutoka Zurich, aliongoza pendekezo la kuweka kikomo: wageni wasizidi asilimia 10 ya raia katika kila kantoni, isipokuwa Geneva iliyoruhusiwa asilimia 25. Kama lingepita, zaidi ya watu laki tatu wangelazimika kuondoka.

Katika Baraza la Taifa, ambalo ndilo baraza kubwa la bunge, kura 136 zililikataa pendekezo. Kura iliyolikubali ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya Schwarzenbach mwenyewe. Tarehe 7 Juni 1970 wananchi walipiga kura. Nao pia walilikataa, lakini kwa asilimia 54 dhidi ya 46. Matokeo yalikuwa ya upande mmoja bungeni na vituoni. Hata hivyo, karibu nusu ya wapiga kura walikuwa na mtetezi mmoja tu katika baraza zima.

Njia tatu za maoni

Mtu akiishia katika hesabu hiyo atasema kwamba wabunge hawakuwasikia wananchi. Lakini maoni ya jimbo humfikia mbunge kwa njia zaidi ya moja.

Njia ya kwanza ni uchaguzi. Mwaka 1971 vyama viwili vilivyopinga ongezeko la wageni vilipata viti 11 katika baraza lenye viti 200. Wapiga kura walibadili baadhi ya wabunge badala ya kungoja wabunge wabadili mawazo yao.

Njia ya pili ni hofu ya kura ijayo. Mwezi Machi 1970, miezi mitatu kabla ya kura ya wananchi, serikali ya Uswisi iliweka kikomo cha idadi ya wafanyakazi wa kigeni walioruhusiwa kuingia kila mwaka. Pendekezo lilishindwa, lakini sera ilikuwa imekwisha kubadilika.

Njia ya tatu ni dhana aliyo nayo mbunge kuhusu watu wake. Wataalamu wawili wa Marekani, Warren Miller na Donald Stokes, walichunguza jambo hili kwa kuwahoji wabunge na wapiga kura wa majimbo 116 baada ya uchaguzi wa 1958. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 1963 walitenganisha mambo matatu: maoni ya jimbo, maoni ya mbunge mwenyewe, na kile anachodhani mbunge kuwa ndiyo maoni ya jimbo. Kuhusu haki za raia Weusi, dhana ya mbunge ilikuwa karibu na ukweli, na kura yake iliifuata. Kuhusu mambo ya nchi za nje, uhusiano ulikuwa hafifu sana. Kwa hiyo mbunge aweza kuwa na nia njema ya kuwafuata watu wake, na bado akakosea kwa sababu hawajui vema.

Swali hutengeneza jibu

Tarehe 9 Februari 2014 Waswisi walipiga kura tena kuhusu uhamiaji. Wengi wa wabunge walikuwa wamelipinga pendekezo la kuweka viwango vya idadi ya wahamiaji, lakini wananchi walilikubali kwa asilimia 50.3. Kantoni hazikufanana hata kidogo: Ticino, iliyo mpakani mwa Italia, ilitoa takriban asilimia 68 ya kura za ndiyo; Geneva, yenye wageni wengi zaidi kwa uwiano, ilitoa takriban 39. Mwezi Desemba 2016 bunge lilipitisha sheria isiyo na viwango hivyo, kwa sababu vingevunja mapatano ya Uswisi na Umoja wa Ulaya kuhusu watu kuhama kwa uhuru. Wengi waliiona sheria hiyo kuwa usaliti. Lakini mwaka 2020 wananchi walipoulizwa kama mapatano hayo yavunjwe, karibu asilimia 62 walikataa. Walitaka wahamiaji wapungue, na pia walitaka mapatano yabaki. Mbunge wa kuwaakilisha watu wa namna hiyo angefuata jibu lipi?

Hapana budi kutaja pia wale ambao mizani hii haiwapimi. Vibarua wa 1970, ambao makazi yao ndiyo yaliyokuwa yakiamuliwa, hawakuwa na kura. Wala wanawake wa Uswisi hawakuwa nayo katika mambo ya taifa. Waliipata mwaka 1971. Kulingana na wapiga kura, basi, si lazima kuwe ni kulingana na wakazi wote.

Zoezi la darasani

Mwalimu achague kanuni moja ya shule. Kila kiranja aandike maoni yake, na pia asilimia ya wanafunzi anayodhani watakubaliana na kanuni hiyo. Kisha darasa lipige kura ya siri juu ya maneno yale yale. Wanafunzi walinganishe hesabu tatu zitakazopatikana, na wajadili ni ipi kati ya hizo ambayo kiranja angeifuata kama angeitwa kwenye kikao cha walimu.