Usizidharau 'lori za mafuta' za baharini: Bila hizi, manowari hazifiki mbali

HEBU fikiria matatu mbili Thika Road. Zinakimbia sambamba, mwendo mmoja, na moja inaijazia nyingine dizeli kwa mpira bila yeyote kusimama. Dereva akiyumba kidogo tu, kwisha maneno.

Baharini, hiyo ndiyo kazi ya kawaida ya meli saidizi za jeshi. Wengi tukisikia jeshi la majini tunawaza mizinga na makombora. Lakini manowari nayo hula mafuta, na mabaharia wake wanataka chakula, maji na risasi. Nani huwapelekea katikati ya bahari?

Uingereza ina kikosi maalum cha kazi hiyo, Royal Fleet Auxiliary, kilichoanzishwa mwaka 1905. Mabaharia wake ni raia, si wanajeshi. Meli zake mpya za mafuta, kama Tidespring, zina urefu wa mita 200 na hubeba lita milioni 19 za mafuta.

Wakati wa kujaza, meli mbili husafiri zikiwa zimeachana kwa makumi machache tu ya mita, kwa kasi ya kilomita 22 kwa saa au zaidi. Kamba nyembamba hurushwa kwa bunduki hadi meli ya pili. Hiyo huvuta kamba nene, na mwishowe mpira wa mafuta. Mambo yakiharibika, kila kitu hufunguliwa fasta na meli zinaachana.

Kwa nini zisiingie tu bandarini? Jibu ni USS Cole. Oktoba 12, 2000, manowari hiyo ya Marekani ilikuwa ikijaza mafuta katika bandari ya Aden, Yemen. Mashua ndogo iliyosheheni vilipuzi ikaisogelea na kulipuka. Mabaharia 17 walikufa.

Sawa, lakini meli hizi zinaweza kupigana? Waulize maharamia wa Kisomali.

Oktoba 2011, walivamia meli ya mizigo ya Italia, Montecristo. Mabaharia wake 23 walijifungia katika chumba salama na kutupa nje chupa yenye ujumbe kwamba wako hai. Meli saidizi Fort Victoria, pamoja na manowari ya Marekani, ziliizingira. Maharamia 11 wakasalimu amri.

Fort Victoria si tangi tupu. Ina banda na uwanja wa helikopta, huweza kubeba makomando, na imewekewa bunduki mbili za Phalanx. Bunduki hiyo huongozwa na rada, na hufyatua hadi risasi 4,500 kwa dakika ili kuangusha kombora kabla halijafika.

Silaha hizo hazikuwekwa kwa mapambo. Katika vita vya Falklands, Mei 25, 1982, makombora ya Argentina yaliipiga Atlantic Conveyor, meli ya biashara iliyokuwa imebebeshwa vifaa vya jeshi. Watu 12 walifariki, na helikopta kubwa tatu aina ya Chinook ziliteketea. Wanajeshi waliotarajia kubebwa wakalazimika kuvuka kisiwa kwa miguu, mizigo mgongoni.

Juni 8 mwaka huohuo, ndege ziliishambulia meli saidizi Sir Galahad ikiwa na wanajeshi ndani. Watu 48 walikufa. Adui anajua kwamba ukikata tumbo la jeshi, mikono nayo hulegea.

Hata hapa kwetu tunalijua hilo. Jeshi la Wanamaji la Kenya, lenye makao Mtongwe, Mombasa, lina KNS Galana na KNS Tana, meli zilizoundwa Uhispania kubeba wanajeshi, magari na mizigo. Na Septemba 2012, wanajeshi wa KDF waliposhuka ufuoni kuuteka mji wa Kismayu kutoka kwa Al-Shabaab, walifika kwa njia ya bahari.

Ila chuma pekee hakitoshi. Mwaka 2024, mabaharia wa kikosi hicho cha Uingereza waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Meli ya mita 200 yenye rada na helikopta bado hukwama gatini ikiwa hakuna wa kuiendesha.

Kwa hivyo siku nyingine ukiona picha ya manowari ikitamba baharini, jiulize swali moja: nani aliijazia tangi?